Programu ya kuendesha redio yenyewe usiku: tutaifundishaje saa za Lamu?

Mratibu wa Langoni (Lamu) anauliza:

Assalamu alaykum, na habari zenu nyote mlioko studio na mlioko karakana.

Mimi ni mratibu wa vipindi katika redio ndogo ya jamii hapa Lamu. Tuna studio moja, miksa ya njia nane, transmita, na watangazaji wa kujitolea kumi na wanne ambao wengi wao wana kazi nyingine mchana: yumo mwalimu, yumo nahodha wa boti ya abiria ya Mokowe, yumo fundi cherehani. Mpaka sasa matangazo yetu ya usiku yanategemea kompyuta ya mapajani yenye programu ya kawaida ya kuchezea muziki. Mtangazaji wa mwisho hupanga orodha ya nyimbo za kutosha muda wa saa sita, akafunga mlango, akaenda kulala. Orodha ikiisha kabla ya alfajiri, redio hunyamaza. Ikikwama kwenye faili bovu, hunyamaza vilevile, nasi hupata habari kutoka kwa wavuvi, ambao ndio wasikilizaji wetu wa saa hizo, kwa maneno ambayo sitayaandika hapa.

Kamati imekubali tutafute programu ya kuendesha matangazo yenyewe kuanzia saa tano usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, na mchana iwasaidie watangazaji kupanga matangazo ya biashara na vibwagizo, yaani vipande vifupi vya kukitambulisha kituo. Tumetengewa shilingi 60,000 kwa kila kitu, vifaa vikiwamo. Tulijaribu programu moja kwa wiki mbili, na ilitutia aibu mara mbili. Mara ya kwanza, kijana aliyepewa kazi ya kuingiza ratiba aliambiwa kwamba taarifa ya habari iliyorekodiwa ni ya saa mbili usiku, akaandika 02:00, na habari zikasomwa saa nane usiku watu wamelala. Mara ya pili aliambiwa kwamba kasida ni za usiku wa Ijumaa, akaziweka siku ya Ijumaa baada ya Isha, ilhali kila mtu hapa ajua kwamba usiku wa Ijumaa ni ule unaoingia jua la Alhamisi likizama. Mzee mmoja alipiga simu kuuliza iwapo redio imehamia nchi nyingine.

Lakini linaloniumiza kichwa zaidi ni adhana. Kwa sasa mtangazaji aliyeko zamu hutazama karatasi ya nyakati za sala iliyobandikwa ukutani na kubonyeza mwenyewe. Je, kazi hii yaweza kukabidhiwa mashine? Na ni programu ipi inayofaa watu ambao si wataalamu wa kompyuta, katika mji ambao umeme hukatika bila kubisha hodi?

Fundi wa Malindi anajibu:

Wa alaykumu ssalaam, ndugu Mratibu. Nimetunza mitambo ya redio mbili za huku Malindi kwa miaka kadhaa, na makosa yako yote mawili nimeyafanya kwa mikono yangu. Nitaanza na saa, kwa sababu programu zote hutii saa, na saa ikipotoka hakuna programu itakayokuokoa.

Mashine huhesabu saa 24 na siku yake huanza saa sita ya usiku. Sisi husema saa moja jua likishachomoza, na siku yetu hugeuka Magharibi. Hizo ni tofauti mbili zisizofanana, na kijana wako aliangukia zote mbili. Ile ya kwanza hutibiwa kwa karatasi. Chapisheni fomu ya ratiba yenye safu mbili, moja ya saa ya mdomo na nyingine ya saa ya mashine, na mtu asiruhusiwe kuingiza chochote kwenye kompyuta kabla ya kujaza zote mbili. Saa mbili usiku huandikwa 20:00. Saa sita usiku huandikwa 00:00, na hapo hapo tarehe hubadilika. Ile ya pili hutibiwa kwa lugha: acheni kabisa kuandika "usiku wa Ijumaa" kwenye fomu, andikeni "usiku wa kuamkia Ijumaa", kisha chini yake jina la siku ya mashine. Hata hivyo kuna mtego mwingine ndani ya mtego, kwa maana usiku huo huo mmoja wa kuamkia Ijumaa hugawanyika mara mbili kwa mashine: kasida za saa tatu usiku zitakuwa za Alhamisi, na mawaidha ya saa saba usiku yatakuwa ya Ijumaa. Sisi tulichora mstari mwekundu katikati ya fomu penye saa sita usiku, na tangu hapo hatujakosea.

Sasa adhana. Usichukue nyakati kutoka kwenye programu ya simu bila kuikagua, kwani wengi huiacha ikiwa imewekwa Nairobi. Lamu iko mashariki ya Nairobi kwa nyuzi nne na kidogo za longitudo, na kila nyuzi ni dakika nne za jua. Kwa hiyo jua la Lamu hutangulia lile la Nairobi kwa takriban dakika kumi na sita. Ukitumia nyakati za Nairobi mwezi wa Ramadhani, utawachelewesha watu kufuturu, na lililo zito zaidi, utawaacha wale daku alfajiri ikiwa imeshaingia. Hata kati yangu mimi hapa Malindi na wewe hapo Lamu kuna kama dakika tatu, ndiyo maana sikutumii jedwali letu. Programu hizo vilevile hutofautiana katika pembe ya jua chini ya upeo wa macho zinayoipigia hesabu ya Alfajiri: moja hutumia nyuzi 18 na nyingine nyuzi 15, na kwa huku kwetu karibu na ikweta tofauti hiyo ni kama dakika kumi na mbili. Ikiwa imewekwa hesabu ya madhehebu ya Kihanafi badala ya Kishafii, Alasiri itachelewa kwa karibu saa nzima. Chukueni karatasi ya msikiti wenu, ile ile iliyoko ukutani, na mashine iifuate hiyo.

Watu wengine hudhani kwamba kwa kuwa tuko karibu na ikweta, nyakati hazibadiliki. Hubadilika. Jua la Lamu huzama mapema kabisa mwanzoni mwa Novemba, dakika chache tu baada ya saa kumi na mbili, na katikati ya Februari huzama baada ya saa kumi na mbili na nusu. Mnamo Disemba linachelewa kwa karibu nusu dakika kila siku, hivyo mtu aliyeingiza wakati mmoja kwa wiki nzima atakuwa ameteleza dakika tatu na ushee ifikapo siku ya saba. Adhana tano kwa siku 365 ni mistari 1,825. Hakuna binadamu wa kuichapa hiyo kwa mkono bila kukosea. Iandikeni katika jedwali la kompyuta mara moja, muikague watu wawili, kisha muiingize kwenye programu kama faili. Programu yoyote isiyoweza kupokea ratiba kutoka kwenye faili haifai kwa adhana, hata iwe nzuri kiasi gani kwa muziki.

Kuna jambo la aina za matukio ambalo wasimamizi wengi hulipita haraka. Kila programu ya namna hii ina tukio kali na tukio lenye subira. Tukio kali, likifika wakati wake, hukata kilichopo hewani na kuingia. Tukio lenye subira hungoja kilichopo kiishe, kwa muda wa juu mtakaouweka wenyewe. Adhana iwe kali, ila muipe sekunde tano za kushusha sauti ya kilichotangulia ili isisikike kama mtu aliyeufunga mlango kwa kishindo. Habari ziwe na subira ya kutosha wimbo mrefu kuisha. Taarabu zetu za zamani hufika dakika kumi na nne, na ukiweka habari kali utamkata mwimbaji katikati ya ubeti, na Malindi hiyo ni simu kumi na tano papo hapo.

Kuhusu programu yenyewe, nitasema ninavyoona. Kwa Windows, ZaraRadio ya Uhispania ni nyepesi, haihitaji hifadhidata, husoma folda moja kwa moja, na mtu huielewa kwa alasiri moja. Udhaifu wake ni kwamba uchaguzi wake wa nyimbo si wa kina. RadioDJ ni ya bure pia na ina mpangilio mzuri zaidi wa zamu za nyimbo, lakini husimama juu ya hifadhidata ya MySQL au MariaDB, na siku hifadhidata ikiharibika, redio nzima husimama mpaka apatikane anayeijua. Kwa Linux kuna Rivendell, ambayo imekuwa ikiendelezwa tangu 2002 na ni programu huria. Kila sauti hupewa namba yake, ratiba hujengwa kwa saa na kwa siku, na hupokea ratiba kutoka kwenye faili bila shida. Mimi naipenda Rivendell, lakini siipendekezi kwa kituo kisicho na mtu angalau mmoja anayeweza kukaa mbele ya Linux bila kutetemeka. LibreTime, iliyojitenga na programu ya Airtime mwaka 2017, huendeshwa kupitia kivinjari na huvutia kwa sababu mtu aweza kupanga ratiba akiwa nyumbani Shela. Mkiiweka kwenye seva ya kukodi ng'ambo, hakikisheni majira ya seva ni ya Nairobi, la sivyo mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba, wanapobadilisha saa huko Ulaya, vipindi vyenu vitaruka saa nzima. Tena mtandao ukikatika, ratiba yenu iko Ulaya na transmita yenu iko Lamu.

Kwa hali yenu, kama kuna kijana mmoja mwenye moyo wa kujifunza hifadhidata na kuitolea nakala rudufu kila usiku, anzeni na RadioDJ. Kama hayupo, ZaraRadio kwa muziki wa usiku, na adhana ibaki mkononi mwa mtu kwa sasa.

Sasa mambo ya vifaa, ambayo ndiyo huua redio nyingi kuliko programu. Fungua kompyuta utazame betri ndogo ya mviringo kwenye ubao mama, CR2032. Ikifa, kila umeme unapokatika saa ya kompyuta hurudi tarehe ya kale ya kiwandani, na kama mtandao haupo wa kuirekebisha, programu hujikuta katika mwaka ambao haina ratiba yake. Hunyamaza kimya, wala haioneshi kosa lolote, kwa kuwa kwa upande wake hakuna kosa. Nilihangaika usiku mzima kutafuta tatizo kama hilo kwenye nyaya na kwenye miksa, kumbe ni betri ya bei ya vikombe vichache vya chai.

Nunueni kompyuta ya mezani iliyotumika, si ya mapajani, na kadi ya sauti ya nje kwa ajili ya hewani peke yake. Sauti za Windows zielekezwe kwenye spika ndogo za ndani au zizimwe kabisa, ili mlio wa ujumbe usitoke hewani katikati ya dua. Masasisho ya kujifanyia yazuiliwe saa za matangazo. Mkikuta mashine yenye Windows 10, kumbukeni kwamba msaada wake ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo msiitumie kuzurura mtandaoni. Ifanye kazi moja tu. Kwenye mipangilio ya awali ya kompyuta (BIOS), wekeni iwake yenyewe umeme urudipo, na kwenye Windows iingie bila kuuliza nywila, na programu ianze pale ratiba inapoonesha. UPS ndogo, yaani betri ya akiba ya kompyuta, haitaendesha transmita, lakini itailinda hifadhidata isikatwe katikati ya kuandika. Chumvi ya bahari mnaijua kuliko mimi: kompyuta isikae sakafuni wala mkabala na dirisha la baharini, na viungio vya nyaya visafishwe kila kusi likianza.

Mstaafu wa Studio anajibu:

Nimesoma maelezo ya Fundi na sina la kupinga katika hesabu zake. Nina neno moja tu. Redio ya Lamu haisikilizwi kwa sababu ya nyimbo, kwani nyimbo kila mtu anazo kwenye simu yake. Husikilizwa kwa tanzia, kwa habari za boti iliyochelewa kurudi kutoka Kiunga, kwa tahadhari ya upepo kutoka Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa. Mtu akifa saa saba usiku Matondoni na maziko ni asubuhi, jamaa zake walioko Faza na Kizingitini watajuaje ikiwa studio imefungwa na mashine inacheza taarabu? Kabla ya kununua chochote, kamati ijibu swali hilo. Nimeona kituo kimoja, ambacho sitakitaja, kikiletewa mashine nzuri, na baada ya miezi sita hakukuwa na mtu studioni hata saa nne asubuhi.

Bi. Maktaba ya Sauti anajibu:

Assalamu alaykum. Mzee wetu Mstaafu ametaja jambo lililo kweli, na lina dawa ya sehemu. Sisi tuliacha simu moja ya zamu kwa mtu mmoja kila usiku, na programu ina folda maalumu ya dharura ambayo hukaguliwa kila baada ya dakika kumi na tano: ikiwa na faili, huchezwa na kuhamishwa, ikiwa tupu, hupitwa. Mwenye zamu hupokea tanzia, huithibitisha kwa kumpigia simu mtu wa pili wa familia au imamu wa mtaa, huirekodi kwenye simu, na kuituma. Kwa sababu za wazi, folda hiyo haifikiwi na watu zaidi ya watatu. Angalizo la kiufundi: sauti inayorekodiwa kwenye WhatsApp ni faili ya aina ya Opus, na programu nyingi za redio haziisomi, lazima igeuzwe kuwa MP3 au WAV kabla ya kuwekwa, la sivyo folda itakuwa na faili na redio itakuwa kimya.

Mimi nilipewa maktaba, yaani kazi ambayo hakuna anayeitaka, na ndiyo iliyonifundisha kwamba programu hizi zimetengenezwa na watu wasiosikiliza tunachosikiliza sisi. Nitatoa mifano mitatu.

Karibu kila programu ina kikaguzi cha ukimya: sauti ikikosekana kwa sekunde kadhaa, hudhani kwamba kuna hitilafu na kurusha muziki wa akiba. Siku ya kwanza tuliiacha kwenye sekunde tano kama ilivyokuja. Msomaji wa Qur'ani alisimama mwisho wa aya, akavuta pumzi kama wasomaji wakubwa wavutavyo, na mashine ikamwingilia kwa muziki. Sitaki kukumbuka asubuhi iliyofuata. Sasa tumeiweka sekunde thelathini, na muziki wa akiba si muziki tena bali ni kibwagizo cha maneno matupu kinachotaja jina la kituo na masafa.

Mfano wa pili unatokana na wa kwanza. Programu hizi hupenda kupandanisha mwisho wa sauti moja na mwanzo wa nyingine ili pasiwe na pengo, jambo linalopendeza kwa nyimbo za vijana na lisilovumilika kwa Qur'ani na adhana. Tengenezeni kundi la peke yake kwa visomo, adhana, dua na tanzia, mlipige marufuku kupandanishwa pande zote mbili, na kabla na baada yake pawe na sekunde mbili tupu. Msitegemee kumbukumbu ya mtangazaji. Iwe ni sifa ya kundi lenyewe ndani ya programu.

Wa tatu ni taarabu. Programu inapoingiza faili hutafuta pale sauti inapoanza na kukata kilicho kabla yake. Kizingiti kikiwa juu, huukata udi unapoanza pole pole, na wimbo huingia kwa ghafla penye fidla. Nilishusha kizingiti hadi kama desibeli 45 chini ya kilele, kisha nikasikiliza upya nyimbo mia tatu na arubaini, mwanzo na mwisho wa kila mmoja. Ilinichukua mwezi, na hakuna njia ya mkato niliyoiona. Rekodi za harusini ni ngumu zaidi kwa sababu huanza kwa vigelegele na gumzo, na hapo ni masikio yako tu yatakayoamua wimbo waanzia wapi.

Mwisho, kuhusu idadi ya nyimbo katika kundi. Wengi hupenda namba zilizo sawasawa. Ukiwa na nyimbo 48 na kila saa mashine huchukua nne, kundi litazunguka kwa saa kumi na mbili kamili, na wimbo uliosikika saa moja asubuhi utasikika tena saa moja usiku, kila siku, mpaka watu waugeuze kuwa saa ya ukutani. Ondoa mmoja ubaki na 47, na mzunguko utakuwa unasogea wenyewe.

Mratibu wa Langoni anarudi:

Ahsanteni sana, na Mwenyezi Mungu awalipe. Nimewasomea wanakamati majibu yenu yote jana baada ya Isha, na jibu la Mzee Mstaafu lilichukua muda mrefu kuliko mengine.

Tumeamua hivi. Mashine itaendesha usiku pekee, kuanzia saa tano, na hakuna mtangazaji wa mchana atakayeondolewa. Simu ya zamu itazunguka kati ya watu watano, na nahodha wetu amesema yeye yuko macho saa tisa usiku kila siku kwa hali yoyote, kwa hiyo zamu ya mwisho ni yake. Adhana ya Alfajiri, ambayo kwetu huangukia karibu na mwisho wa zamu ya mashine, tumeona ibaki kwa mtu: mwenye zamu wa asubuhi atafika studioni mapema zaidi kuliko sasa, naye amekubali kwa masharti ya chai. Betri tuliifungua leo, na kweli ilikuwa imekufa. Saa ilionesha mwaka 2009.

Nina maswali mawili yaliyosalia. La kwanza, je, programu itaweza kutupatia orodha ya nyimbo zote zilizochezwa, kwa ajili ya mirabaha ya wasanii, na rekodi ya kila kilichotoka hewani? La pili, tunafanyaje kuhusu Idi? Mwaka jana kituo kimoja cha pwani kiliweka salamu za Idi kwenye mashine mapema, mwezi haukuandama, na mashine ikawatakia watu Idi njema asubuhi wamefunga.

Fundi wa Malindi anajibu:

Orodha ya nyimbo zilizochezwa, naam. Programu zote nilizozitaja huandika kumbukumbu ya kila faili na saa iliyotoka. Lakini kumbukumbu hiyo ina thamani ikiwa tu majina ya faili ni sahihi. "Wimbo 07 mpya" haimlipi msanii yeyote, kwa hiyo Bi. Maktaba awafundisheni namna ya kuandika jina la mwimbaji, kikundi na wimbo kabla hamjaingiza chochote. Rekodi ya hewani ni jambo jingine: usirekodi kinachotoka kwenye programu, rekodi kinachopokelewa na redio ya kawaida iliyowekwa pembeni, ili upate kile alichokisikia msikilizaji. Kwa MP3 ya njia moja ya kilobiti 64 kwa sekunde, saa moja ni megabaiti 29 hivi, siku nzima haifiki megabaiti 700, na mwezi ni kama gigabaiti 21. Diski ndogo ya nje itawatosha kwa muda mrefu, na muda wa kuzihifadhi fuateni ulivyo katika leseni yenu.

Kuhusu Idi, salamu zirekodiwe mapema, zikatwe vizuri, zipewe majina, kisha ziwekwe kwenye folda ambayo programu haiijui kabisa. Usiweke tarehe yoyote. Ratiba ya kawaida ya Ramadhani iendelee hadi siku ya thelathini, daku ikiwamo, kana kwamba mwezi hautaandama. Tangazo la Kadhi Mkuu likitoka, mtu mmoja aliyeteuliwa, kwa mkono wake, ahamishe folda na kufuta daku ya usiku huo. Kwetu kazi hiyo huchukua dakika nne, na mwaka jana niliifanya nimesimama, kikombe cha uji kikiwa mkono wa pili.

Bi. Maktaba ya Sauti anajibu:

Ongezeni jambo moja kwenye hilo la Fundi: kufuta daku ya usiku huo hakutoshi, kwa sababu wengine huwa wameweka kibwagizo cha "Ramadhani karimu" ndani ya kundi la vibwagizo vya kawaida, na kitaendelea kujitokeza mpaka Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, uishe. Kiwekeni katika kundi lake tangu mwanzo. Na ndugu Mratibu, nitumie majina ya faili zenu kumi za mwanzo nizione kabla hamjaendelea.